Mtu Aliyetundikwa: Maana ya Karata ya Kumi na Mbili ya Taroti na Swali Lake kwa Teolojia ya Msalaba

Miongoni mwa karata 78 za taroti iko moja ambayo mwanateolojia hawezi kuipita upesi. Ni ile yenye namba 12, inayoonyesha kijana aliyefungwa kamba mguu mmoja na kuning'inizwa kichwa chini, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo. Kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani jina lake lina maana moja: Mtu Aliyetundikwa. Kitenzi "kutundika" nimekichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kitumikacho katika Biblia yetu ya Kiswahili pale Torati inenapo juu ya mkosaji awekwaye juu ya mti (Kum. 21:22–23), mahali ambapo Mtume Paulo alichota hoja yake kuhusu Kristo aliyefanywa laana kwa ajili yetu (Gal. 3:13). Picha ya mtu aliyetundikwa si mali ya watazamiaji peke yao. Ni picha ambayo Kanisa limeibeba tangu mwanzo, na hivyo tunayo haki, tena tunao wajibu, wa kuuliza wengine wameifanyia nini.

Iko pia sababu ya utumishi. Wachungaji wa Afrika Mashariki hutumwa kuhudumu katika sharika rafiki za Ujerumani na kwingineko Ulaya, na huko yaweza kutokea mtu akamjia mchungaji si na swali la Katekisimo, bali na karata aliyoonyeshwa na mtazamiaji. Mchungaji aliyekulia mahali ambapo watu huenda kwa mpiga ramli ataona upesi kwamba mambo haya mawili yanafanana, na hatakosea. Lakini hayafanani kwa kila namna, na tofauti yake ndiyo itakayomsaidia katika mazungumzo.

Kuhusu msimamo wetu hakuna haja ya maneno mengi. Torati imekataza uaguzi (Kum. 18:10–12), na Luther katika Katekisimo Ndogo, akieleza amri ya pili, anaweka uchawi pamoja na kulaani, kuapa na kudanganya kwa jina la Mungu. Hata hivyo amri ya nane nayo ni amri. Haturuhusiwi kumshuhudia jirani uongo kwa sababu tu jirani huyo anafanya jambo tusilolikubali. Kusema kwamba kila karata ya taroti imechorwa na Shetani, au kwamba yeyote anayeishika amefunga agano na mapepo, ni kusema tusichokijua. Basi na tuanze na tunachokijua.

Karata na turufu

Neno "karata" lilifika pwani yetu kwa Wareno, na pamoja nalo majina ya aina nne ambayo wachezaji wa mabarazani wanayajua: kopa, uru, shupaza na pau. Kwa Kireno maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Mtazame mchezaji wa Mombasa au Dar es Salaam: mkononi ameshika alama za Kifaransa, moyo mwekundu na nyinginezo, lakini kinywani anataja vikombe na panga. Alama hizo za kinywani mwake ndizo za zamani zaidi, na ndizo zilizomo katika karata 56 za kawaida za taroti hadi leo. Hata neno "turufu" ni la ukoo huo. Limetoka kwa Wareno, na nyuma ya neno lao kuna neno la Kiitalia, trionfo, yaani shangwe au maandamano ya ushindi. Trionfi ndilo jina la kwanza la karata tunazoziita sasa taroti. Kwa hiyo Mswahili asemaye kwamba fulani ametoa karata yake ya turufu anatumia, bila kujua, neno lililozaliwa katika mchezo huu huu.

Asili ya karata za Ulaya ni nchi za Waislamu. Watawala wa Misri walioitwa Wamamluki walicheza kwa vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo, na seti moja ya karata zao imehifadhiwa Istanbul katika jumba la Topkapı. Mnamo miaka ya 1370 karata zilikwisha kuingia Ulaya. Mwaka 1377 mji wa Florence ulitunga sheria juu yake. Yapata mwaka 1440, huko Italia ya kaskazini, waliongezwa juu ya karata za kawaida wahusika 22 wa picha: Mpumbavu, Kaisari, Papa, Mapenzi, Gurudumu la Bahati, Mauti, Ibilisi, Hukumu na wengineo. Hizo zilikuwa turufu za kudumu, zenye uwezo wa kushinda karata za aina zote nne. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1980, alionyesha kwa ushahidi mwingi kwamba kwa karne tatu taroti ilikuwa mchezo, na nchini Ufaransa na Austria bado inachezwa hivyo.

Wahubiri wa zama zile hawakuupenda. Mtawa mmoja wa Italia, katika hotuba iliyoandikwa baada ya katikati ya karne ya 15, aliziorodhesha turufu zote, akalalamika kwamba Papa, malaika na hata Mungu mwenyewe wametiwa mchezoni, akazifananisha na vipandio vya ngazi ishukayo jehanamu. Katika orodha yake ya kumi na mbili ni "aliyetundikwa". Jambo la kuangaliwa ni kwamba mtawa huyo, ambaye hakuwa mtu wa kuficha hasira, hakulaumu uaguzi. Kilichomkera kilikuwa kamari.

Picha ya aibu

Mtu wa Florence au wa Milano alipoishika karata ya kumi na mbili, aliona nini? Hakuona fumbo. Aliona kitu ambacho angeweza kukiona ukutani akienda sokoni.

Miji ya Italia, tangu karne ya 13, ilikuwa na adhabu ya kuchorwa. Mtu aliyeusaliti mji, au aliyekimbia na deni la umma, akiwa hakamatiki, picha yake ilichorwa hadharani katika ukuta wa jengo la serikali, akining'inia kwa mguu, kichwa chini. Lengo lilikuwa kumwondolea heshima yeye na ukoo wake mbele ya macho ya watu wote. Mwaka 1440, baada ya vita vya Anghiari, mchoraji Andrea del Castagno alipewa kazi ya kuwachora hivyo maadui wa ukoo wa Medici, na tangu hapo akaitwa kwa jina la utani "Andrea wa Waliotundikwa". Mwaka 1478 Botticelli aliwachora wale waliokula njama ya kuwaua ndugu wawili wa Medici. Mwaka 1530 zamu ikamfikia Andrea del Sarto. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba Andrea huyu wa pili aliogopa kurithi jina la yule wa kwanza, akatangaza kwamba kazi inafanywa na mwanafunzi wake, naye akawa akiingia na kutoka usiku. Michoro yake ya maandalizi ipo hadi leo Florence: mwili wa mtu unaning'inia kwa mguu mmoja, nguo zimeporomoka, mkono umelegea. Aibu ya picha hiyo ilikuwa nzito kiasi cha kumrukia hata aliyeshika brashi.

Katika orodha kadhaa za karne ya 16 karata hii inaitwa waziwazi Msaliti. Na katika seti moja ya karne ya 15 iliyohifadhiwa Paris, mtu aliyetundikwa ameshika mfuko wa fedha katika kila mkono. Msomaji wa Injili hahitaji kuambiwa ni msaliti gani mwenye fedha aliyekufa kwa kujinyonga (Mt. 27:3–5).

Kuna kisa kimoja kinachonifanya nirudi mara kwa mara kwenye historia hii. Seti mashuhuri kuliko zote za zamani ni ile iliyochorwa yapata mwaka 1450 kwa ajili ya Francesco Sforza, mtawala wa Milano. Baba yake, Muzio Attendolo Sforza, alikuwa kamanda wa askari wa kukodiwa. Mwaka 1412, alipoacha kumtumikia Papa Yohana wa 23 (yule ambaye Kanisa la Roma halimhesabu tena kuwa papa halali, aliyeitisha Mtaguso wa Konstanz ambao ulimwondoa yeye na kumchoma moto Jan Hus), papa huyo aliamuru Muzio achorwe katika malango na madaraja ya Roma, akitundikwa kwa mguu, pamoja na maandishi ya kumdhihaki kwa asili yake ya kijijini. Miaka arobaini baadaye mwanawe aliketi mezani kwake akiwa na karata zenye dhahabu, na mojawapo ilikuwa ya mtu aliyetundikwa kwa mguu. Hatujaachiwa neno lolote juu ya alivyojisikia. Lakini hapana shaka kwamba alijua picha ile ina maana gani, na kwamba kamba ile ilifungwa na mtu mwenye jina.

Mchungaji aliyeigeuza

Aliyeitoa karata hii katika aibu na kuiingiza katika hekima alikuwa, kwa bahati mbaya, mtu wa upande wetu. Antoine Court de Gébelin alikuwa mwana wa Antoine Court, mchungaji aliyeliinua tena Kanisa la Kiprotestanti la Ufaransa wakati wa mateso, naye mwenyewe alibarikiwa kuwa mchungaji huko Lausanne mwaka 1754. Alipohamia Paris alizama katika elimu ya mambo ya kale, na mwaka 1781, katika kitabu cha nane cha kazi yake kubwa juu ya ulimwengu wa awali, alitangaza kwamba taroti si mchezo, bali ni kitabu cha hekima ya makuhani wa Misri kilichonusurika katika umbo la karata. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya kale ya Kimisri yalikuwa bado hayasomeki. Champollion alifumbua usomaji wake mwaka 1822, na humo haikuonekana taroti.

Hoja yake juu ya karata ya kumi na mbili inafaa kuelezwa, kwa maana ni mfano mzuri wa ufafanuzi mbaya. Alihesabu fadhila nne kuu za wanafalsafa wa kale, akaona kwamba Haki, Nguvu na Kiasi zimo katika turufu, lakini Busara haimo. Akakata shauri kwamba lazima imo, ila imeharibiwa. Mtu huyu, alisema, hapo mwanzo alikuwa amesimama wima, mguu mmoja juu, akipima mahali pa kukanyaga kama afanyavyo mwenye busara. Mchapaji asiyeelewa ndiye aliyempindua. Kwa neno moja la mwanazuoni msaliti akawa mwenye hekima. Wanafunzi wangu wa somo la ufafanuzi wa Maandiko wataitambua njia hii: andiko lisipokubaliana na mpango wetu, twasema mwandishi wa nakala amekosea.

Waliomfuata waliendelea hapo alipofikia. Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, alichapisha mwaka 1785 maelekezo ya kuagulia taroti. Katika miaka ya 1850 Éliphas Lévi, aliyewahi kuwa shemasi wa Kikatoliki, aliziunganisha turufu 22 na herufi 22 za Kiebrania. Lakini picha ambayo wengi wa wasomaji wa taroti wanaitumia sasa ni ya Desemba 1909, ilipochapishwa London kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na kwa mkono wa mchoraji wa kike Pamela Colman Smith. Hapo mtu wetu ametundikwa kwenye msalaba wenye umbo la herufi T, na mti wake una majani mabichi. Mguu wa pili umekunjwa nyuma ya ule uliofungwa ili kufanya umbo la msalaba. Kichwa kimezungukwa na duara la nuru, kama vile wachoravyo watakatifu. Uso umetulia kabisa. Waite mwenyewe alisisitiza kwamba hapa hakuna mateso, bali mtu aliyezama katika tafakari. Akakataa hata kwamba ni karata ya ufia-dini. Maana alizoziorodhesha kwa ajili ya kuagua ni hekima, utambuzi, majaribu, sadaka na unabii.

Linganisha sasa picha hizo mbili. Katika ukuta wa Florence kulikuwa na mji, shtaka, mashahidi na mchoraji aliyelipwa. Katika karata ya mwaka 1909 hakuna yeyote. Kamba imejifunga yenyewe.

Jinsi inavyosomwa

Msomaji wa taroti huchanganya karata, kisha huzipanga mezani kwa utaratibu maalumu, na kila mahali pana maana yake. Mpango unaojulikana zaidi ni ule wa karata kumi ambao Waite aliutangaza kuwa ni wa Wakelti wa kale, pasipo kuonyesha ukale huo. Karata ya kwanza hueleza hali ya muulizaji, ya pili ni kikwazo kilichowekwa juu yake kwa kukingama, nyingine hunena juu ya mambo yaliyopita, yanayokaribia, nyumba yake, matumaini na hofu zake, na ya kumi hunena juu ya hatima. Karata ikitoka kichwa chini, maana yake hubadilika. Kwa Mtu Aliyetundikwa hilo huleta kichekesho kidogo, kwa maana ikipinduliwa yeye husimama.

Ikitoka katika nafasi ya kwanza, wasomaji wengi watasema: uko katika kipindi cha kusubiri, usilazimishe mambo. Ikiwa kikwazo: umekwama kwa sababu hutaki kuachilia jambo fulani. Ikiwa hatima: utapata unachotafuta kwa kutoa sadaka, au kwa kuyatazama mambo kwa upande mwingine kabisa. Iliyopinduliwa huelezwa kuwa ni kujitoa bure kwa ajili ya watu wasiostahili, au ubinafsi, au kuchelewesha uamuzi. Baadhi huongeza habari za Odini, mungu wa kale wa Waskandinavia, ambaye katika masimulizi alining'inia mtini usiku tisa ili apate siri za maandishi (mababu wa wamisionari wetu wa kaskazini walimjua sana kabla hawajabatizwa). Wengine hutaja mapokeo kwamba Petro alisulibiwa kichwa chini.

Tusiwatendee wasomaji hawa isivyo haki. Wengi wao, hasa tangu miaka ya 1970, hawadai kutabiri. Wakifuata saikolojia ya Carl Gustav Jung, husema karata ni kioo: muulizaji huona ndani yake yale ambayo moyo wake ulikwisha kuyajua. Hapa ndipo ilipo tofauti na ramli yetu. Mpiga ramli huulizwa ni nani aliyefanya. Nani ameniroga, nani ameiba ng'ombe, nani amekasirika miongoni mwa wazee waliokufa? Jibu lake mara nyingi ni la uongo na limemwaga damu ya vikongwe wasio na hatia. Ubaya huo sitaupunguza hata kidogo. Msomaji wa taroti wa kisasa ana kosa la upande wa pili. Haulizi nani. Anauliza tu, unajifunza nini?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke katika mji fulani wa Ulaya anapigwa na mumewe. Hajamwambia mtu. Anakwenda kwa msomaji wa taroti na kuuliza kwa maneno ya mbali: nifanye nini na nyumba yangu? Katika nafasi ya kwanza inatoka karata ya kumi na mbili. Msomaji, mtu mwema asiye na nia mbaya, anamwonyesha uso ule uliotulia, majani mabichi na nuru kichwani. Anamwambia kwamba huu ni wakati wa kutulia na kuutazama uhusiano huo kwa jicho jipya. Mwanamke anarudi nyumbani akiwa na faraja. Na usiku ule ule anapigwa.

Jina la kitu

Aprili 1518, huko Heidelberg, Luther alitetea mbele ya watawa wenzake hoja ambazo sisi tunazifundisha mwaka wa kwanza na kuzisahau mwaka wa pili. Katika ile ya 21 alitofautisha wanateolojia wawili: wa utukufu, ambaye huuita ubaya wema na wema ubaya, na wa msalaba, ambaye hukiita kitu jinsi kilivyo. Mara nyingi hoja hiyo huelezwa kana kwamba inahusu unyenyekevu. Mimi naona inahusu kwanza ukweli wa majina. Mwanateolojia wa utukufu si lazima awe mtu mwenye kiburi. Aweza kuwa mpole sana. Kosa lake ni kwamba akiuona mti wa kutundikia watu anaanza mara moja kuupamba majani.

Maandiko hayafanyi hivyo. Katika Marko, yeye aliyetundikwa hakutulia, alilia kwa sauti kuu kwamba ameachwa (Mk. 15:34). Waebrania hawasemi kwamba msalaba haukuwa na aibu, bali kwamba aliidharau aibu hiyo (Ebr. 12:2). Na Petro, akihubiri mara tatu katika Matendo, kila mara anataja kwamba kuna waliomwua (Mdo. 2:23, 5:30, 10:39). Ufufuo kwake ni hukumu ya Mungu iliyotengua hukumu ya wanadamu, na hukumu haitenguliwi pasipo kutajwa. Hapa lazima kuwepo tahadhari kubwa. Petro alikuwa Myahudi, na katika mara mbili za kwanza alikuwa akisema na watu wake na viongozi wake. Kanisa la watu wa mataifa lilipoyachukua maneno hayo na kuyaelekeza kwa taifa zima la Wayahudi, lilifanya kazi ya mpiga ramli, na maandiko ya Luther ya mwaka 1543 ni sehemu ya dhambi hiyo, ambayo makanisa ya Kilutheri yameikataa waziwazi. Imani ya Mitume imetulinda kwa kutaja jina moja tu: la liwali wa Kirumi, mwenye mamlaka, aliyetia amri.

Liko jambo ambalo wasomaji wa taroti wameliona sawasawa, na ni haki kulisema. Kuna majira ambayo mikono ya mwanadamu imefungwa, na kuna elimu isiyopatikana kwa kutenda. Mgonjwa aliyelala miezi wodini anajua hilo. Luther naye alijua kwamba mwanateolojia hufanywa kwa kuishi, hata kwa kufa, kuliko kwa kusoma. Kama karata ingeishia hapo, mazungumzo yetu na hao wasomaji yangekuwa mafupi na ya amani. Lakini kamba ya ugonjwa si kamba ya dhuluma, na picha ya mwaka 1909 haimpi mtu njia ya kuzitofautisha.

Wala si karata tu. Kwenye kilima cha Palatino, Roma, kulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani na mpagani wa karne za kwanza: mtu mwenye kichwa cha punda yuko msalabani, na chini yake maneno ya kumcheka Mkristo aitwaye Aleksameno kwamba anamwabudu mungu wake. Mpagani yule alielewa aibu ya msalaba kuliko wengi wetu. Sisi tumeufanya wa dhahabu, tukauvaa shingoni, na tukatoka mimbarani kumwambia mke aliyevimba uso kwamba auchukue msalaba wake (Mk. 8:34). Mahubiri hayo ni yale yale ya karata ya kumi na mbili, tena ni mabaya zaidi, kwa kuwa msomaji wa taroti hajadai kunena kwa jina la Bwana. Msalaba ambao Yesu anautaja pale ni ule unaompata mtu kwa ajili yake na Injili, kama aya inayofuata inavyosema. Ngumi ya mume haimo.

Mbele ya mchungaji

Mtu akija na karata hiyo, asinyang'anywe wala asicheshwe. Aulizwe aliambiwa nini, na aachwe aseme mpaka mwisho. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anasema shida yake kwa sauti. Kisha mchungaji anaweza kumsimulia habari za kuta za Florence. Hadithi hiyo ina faida kuliko lawama, kwa sababu inairudisha kamba mikononi mwa watu. Baada yake swali huja lenyewe: na wewe, je, ni nani aliyekufunga? Jibu laweza kuwa "hakuna", ni maradhi, ni uzee, ni kufiwa. Hapo tutaomba zaburi za maombolezo pamoja naye na hatutaharakisha. Laweza kuwa "mimi mwenyewe", na hapo kuna ungamo na ondoleo la dhambi, ambalo hakuna karata iwezayo kulitamka. Lakini likiwa ni jina la mtu, mazungumzo hayawezi kubaki ofisini. Yatafuata mambo ambayo hatukuyasomea sana: wapi atalala usiku wa leo yeye na watoto, ni mzee gani wa kanisa atakayemsindikiza polisi, na ni nani atakayekwenda kuzungumza na huyo mume, ambaye yawezekana Jumapili ijayo yuko katika zamu ya kupokea sadaka.